Mshiriki wa Saba

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili naliandika kwa amri ya Profesa. Amesema mtafiti mwenye akili huandika kila siku hata kama hana la kuandika, na kwa jinsi anavyoiona tasnifu yangu, la kuandika sina. Haya basi, tuandike.

Mimi ni mwalimu wa michezo wa sekondari, umri miaka thelathini na saba, niko likizo ya masomo mwaka wa tatu sasa. Shahada yangu ni uzamili wa menejimenti ya michezo, ile ya utafiti mtupu. Hakuna darasa, hakuna wenzako wa kunung'unika nao, hakuna kengele. Kuna wewe, msimamizi wako na tasnifu. Swali langu ni kwa nini waamuzi wanawake wa ligi ya daraja la pili huacha filimbi kabla ya kufika ligi kuu. Washiriki ni kumi na wawili. Nimewahoji kumi na mmoja. Nimeongezewa muda mara mbili, na barua ya mara ya pili inasema kwa herufi nene kwamba 31 Mei ndiyo mwisho, na asiyewasilisha siku hiyo jina lake linafutwa kwenye daftari la chuo.

Mvua imeanza leo.

Jumatano, 6 Machi

Mama ameniuliza kama bado nasoma jinsi ya kupuliza filimbi. Nikamjibu ndiyo. "Miaka mitatu?" akasema. "Filimbi si ina tundu moja tu?"

Jumatatu, 11 Machi

Nimempelekea Katibu wa waamuzi sura ya tatu. Ndilo sharti lake la kuniruhusu nifanye utafiti ndani ya chama: nakala ya maendeleo ifike ofisini kwake. Nimempa sura ya tatu tu, maana ndiyo safi, inaeleza mbinu na ina lile jedwali la washiriki ambalo Profesa alilidai mpaka akanichosha. "Msomaji lazima awajue watu wako bila kuwajua," alikuwa akisema. Nimelifanya vizuri, najisifu mwenyewe. Hakuna jina hata moja. Kuna namba, umri, daraja, miaka ya uamuzi, kazi na idadi ya watoto.

Katibu alinipokea kama kawaida yake, akanivutia kiti, akaniita binti yangu. Huyu mzee nampenda tangu zamani. Miaka minane iliyopita, mimi mwenyewe nikiwa mwamuzi, yeye ndiye aliyeshika saa siku niliyoshindwa mtihani wa utimamu wa mwili kwa mara ya tatu. Mita arobaini mara sita, kila mbio isizidi sekunde sita na nukta nne. Mimi nilipata sita na nukta nane. Alinipa leso yake akaniambia, "Pole binti yangu, miguu ikikataa imekataa." Nikaacha filimbi, nikaenda kufundisha.

Leo kaifunua ile sura, kaipitisha macho, kaiweka kwenye droo. "Umefanya kazi," akasema. Nimetoka pale nikijiona mtu.

Alhamisi, 14 Machi

Mshiriki wa saba ameahirisha tena. Hii ni mara ya tatu. Fomu ya ridhaa alisaini tangu Novemba, taarifa zake ziko kwenye jedwali, kilichobaki ni mdomo wake. Humu nitamwita Saba. Kama hataki kuhojiwa aseme, kuliko kunizungusha kama pia.

Jumamosi, 16 Machi

Nimempata. Nilikwenda nyumbani kwake bila kumpigia simu, adabu niliiacha kwetu. Ametoka zamu ya hospitali, bado yuko na sare ya uuguzi, pacha wake wanagombania kijiko sakafuni. Aliniangalia mlangoni kwa muda mrefu. "Mwalimu, wewe hukati tamaa," akasema, akanipa kigoda.

Nikaweka simu mezani, nikabonyeza kurekodi, nikamsomea haki zake kama zilivyo kwenye fomu, fomu niliyoiandika mwenyewe. Jina lako halitaonekana popote. Unaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu. Ukijitoa, sauti yako itafutwa.

"Itafutwa na nani?"

"Na mimi."

"Sawa. Uliza."

Dakika kumi za mwanzo alinijibu kama anayejibu mgonjwa msumbufu. Kisha nikamuuliza kuhusu mtihani wa utimamu, akaenda kufunga mlango. Nayaandika aliyoyasema kabla sijalala.

Kwenye zile mita arobaini saa anashika Katibu peke yake, na haoneshi mtu mpaka awe ameshaandika. Mwaka juzi Saba alimwambia mume wake asimame nje ya uzio apime kwa simu. Mume alipata sita na nukta moja. Kitabuni ikaandikwa sita na nukta saba. Alipouliza, Katibu alicheka, akamwambia saa za nyumbani kwao zina haraka. Halafu akamwambia miguu yake inahitaji kuombewa, apite ofisini Jumamosi mchana, wafanyakazi wakiwa wameondoka. Saba hakwenda. Akafeli tena, na tena. Mwaka jana alikuja mkaguzi kutoka makao makuu akashika saa yeye, Saba akafaulu mbio zote sita.

"Wapo waliokwenda ile Jumamosi," akasema. "Miguu yao ilipona. Mimi siwalaumu, Mwalimu, na wewe usiwalaumu."

Msimu huu ndio wake wa mwisho kupendekezwa ligi kuu. Umri wa mwisho ni thelathini na tano, naye anaufikisha Julai. Akipangwa mechi mpaka mwisho wa mzunguko, anapendekezwa, na akifaulu mtihani anapanda. Asipopangwa, basi.

Rekodi ina dakika arobaini na moja. Nimerudi kwa miguu kwenye mvua, mwavuli ukiwa mkononi umefungwa. Miaka minane nimekuwa nikiwaambia wanafunzi wangu kwamba miguu haidanganyi. Niliamini mimi ni mzito, nikajichukia kwenye kioo, nikaacha hata kukimbia asubuhi. Na ile leso ninayo mpaka leo, nimeifua, nimeipiga pasi.

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Sikuandika kitu.

Jumatatu, 25 Machi

Nimeandika kurasa kumi na nane za sura ya nne kwa siku tano. Haijawahi kutokea. Ninaposikiliza washiriki wengine upya nasikia nilichokuwa sikisikii. Mshiriki wa pili anasema "mambo ya pale ofisini" halafu ananyamaza. Wa tisa anasema "Jumamosi ni ngumu" na mimi, kwa akili zangu, niliandika pembeni kwamba Jumamosi ana majukumu ya familia. Walinieleza wote. Mimi ndiye niliyekuwa nimeziba masikio kwa leso ya mtu.

Profesa amesoma kurasa zote bila kutoa kalamu nyekundu. Mwishoni akasema, "Sasa umeanza kuona." Kwa huyu bwana hiyo ni sherehe.

Jumanne, 2 Aprili

Paa la chumba cha kusomea linavuja juu ya kiti changu. Nimehamia kiti kingine.

Jumanne, 9 Aprili

Leo ilikuwa semina ya maendeleo. Kila mwanafunzi wa uzamili lazima asimame aeleze alipofika, na idara hualika wadau. Mimi sikuuliza ni wadau gani. Nimesimama mbele, nimewasha mashine ya kuoneshea, nikageuka kuwatazama watu, nikamwona Katibu mstari wa mbele, shati jeupe, tai, na mapajani mwake ile sura ya tatu niliyompa kwa mkono wangu.

Sijui kwa nini sikuiruka ile picha ya sita. Niliweza. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Lakini Profesa alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika, na mimi, niseme ukweli humu ambamo hanisomi mtu, nilitaka Katibu ayaone. Nilitaka asome pale ukutani ajue kwamba kuna mtu anajua. Nikabonyeza. Maneno yakatokea makubwa: "Saa haipimi miguu yangu, inapima kama nimekwenda ofisini." Chini yake: Mshiriki wa 7.

Katibu akasoma. Hakukunja uso. Akafungua karatasi zake taratibu, akapata ukurasa, akashusha kidole kwenye mistari, kikasimama mahali.

Maswali yalipofika akanyoosha mkono, mpole. "Hongera sana, binti yangu. Mimi si msomi, naomba kueleweshwa. Hizi namba za washiriki, ni zilezile za kwenye jedwali la sura ya tatu?"

Nikamjibu. Nikajibu haraka, kwa sauti, na majivuno, kwa sababu Profesa huwa anatupigia kelele kuhusu mpangilio, na hili nilikuwa nimelipatia. "Ndiyo, ni zilezile. Utafiti lazima uwe na mpangilio."

"Ahsante," akasema, akakunja karatasi.

Nilikuwa nimeshafika nyumbani, nimeshavua viatu, ndipo nikalitoa jedwali nikasoma mstari wa saba. Umri 34. Daraja la pili. Miaka 11 ya uamuzi. Muuguzi. Watoto wawili (pacha). Muuguzi mwenye pacha, kwenye ligi nzima, yupo mmoja. Kila sura peke yake ilikuwa safi. Nimempa moja mkononi, nyingine nikamwangazia ukutani, halafu nikamwambia jinsi ya kuziunganisha.

Mama ameniuliza kwa nini sili.

Jumatano, 10 Aprili

Nimempigia Saba mara tisa. Simu inaita.

Jumamosi, 13 Aprili

Ratiba ya waamuzi wa wiki ijayo imebandikwa. Saba alikuwa apulize mechi ya Jumapili. Jina lake halimo. Nimelitafuta katikati, pembeni, mpaka kwa waamuzi wa akiba. Nimeisoma ile karatasi pale ukutani mara nne, mvua ikinipiga mgongoni.

Alhamisi, 18 Aprili

Amekuja mwenyewe. Mama ndiye aliyemfungulia, akamkaribisha vizuri, akidhani ni mwalimu mwenzangu. Saba akaamkia, akakaa, akasubiri Mama aende jikoni.

"Umenipa ahadi kwamba jina langu halitaonekana," akasema.

"Ndiyo."

"Na kweli halikuonekana. Nimeonekana mimi."

Nikamwomba msamaha. Nikaeleza habari za jedwali, namba, semina. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mjinga zaidi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na laiti angenikatiza.

"Katibu ameniita ofisini juzi," akasema. "Alikuwa nayo hiyo karatasi yako. Kapiga mstari kwa kalamu ya kijani chini ya pacha wangu."

"Tukamshitaki."

"Kwa nani, Mwalimu? Malalamiko ya waamuzi yanapelekwa kwa Katibu wa waamuzi."

Hapo Mama akaingia na chai. Saba akainywa yote, akashukuru, akaenda zake. Mama akasema, "Rafiki yako ana huzuni, amefiwa?" Nikamwambia sijui.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimekwenda kwa Katibu. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, nimeyasema njiani kote. Nilipofika akanivutia kiti.

"Binti yangu, umekonda. Masomo haya."

Nikamwambia yule mama hana kosa, kosa ni langu, kama ana hasira anikasirikie mimi.

"Hasira ya nini? Mimi nimekula chumvi, nimeona mengi. Watu huongea, hasa wakiulizwa maswali ya kuwaongoza." Akaweka mkono juu ya droo. "Wewe mwenyewe ulikuwa mwamuzi. Ulishindwa mtihani, ukaondoka na kinyongo. Mtu mwenye kinyongo akipewa kinasa sauti, unategemea nini? Simlaumu muuguzi wako. Yeye na mimi tutaelewana."

Maneno yangu makali yalibaki kooni. Nilitoka nikiwa nimemshukuru. Kwa mdomo wangu huu nilisema ahsante, kwa mazoea.

Ijumaa, 26 Aprili

Sura ya tano. Kurasa mbili. Nimefuta zote.

Ijumaa, 3 Mei

Barua kutoka kamati ya maadili ya utafiti. Wamepokea malalamiko kutoka kwa mshiriki mmoja, yamepitishwa ofisi ya Katibu wa waamuzi. Mshiriki anasema kwamba maneno yaliyooneshwa kwenye semina hakuyasema, kwamba mtafiti alimwekea maneno mdomoni kwa sababu ya chuki zake za zamani, na kwamba anajitoa kwenye utafiti kuanzia leo. Sahihi ya Saba ipo chini. Naijua, ninayo nyingine kama hiyo kwenye fomu ya ridhaa, ina mkia mrefu mwishoni.

Nimeitwa mbele ya kamati tarehe 14 kujibu tuhuma ya kubuni data.

Maji yamezidi unga. Kubuni data ndilo kosa moja ambalo mwanafunzi wa utafiti hasamehewi. Unaweza kuandika vibaya, unaweza kuchelewa, unaweza kuwa mjinga kama mimi, lakini ukisema mtu kasema ambacho hakusema, umekwisha.

Nimempigia Saba. Simu imezimwa. Nimekwenda kwake, mume wake akatoka mpaka nje kunizuia mlango. "Dada, tuache," akasema. Hakunitukana. Heri angenitukana.

Jumanne, 7 Mei

Profesa ameisoma barua akiwa amesimama. Kisha akauliza swali moja. "Rekodi unayo?"

"Ninayo."

"Dakika ngapi?"

"Arobaini na moja."

Akakaa. Nimeona damu inamrudia usoni. "Basi hakuna kesi. Unaingia, unabonyeza, wanasikia dakika tano, imekwisha. Tarehe thelathini na moja unawasilisha."

Nikamwambia amejitoa. Fomu inasema akijitoa sauti inafutwa.

"Inafutwa baada ya kamati."

"Fomu haisemi baada ya kamati. Niliiandika mimi."

Akavua miwani. Miaka mitatu nimemchukulia huyu mtu kuwa roho yake imetengenezwa kwa karatasi. "Mwalimu," akasema, "nisikilize. Yule mama ametishwa. Sauti yake ndiyo kweli peke yake iliyobaki kwenye jambo hili. Ukiifuta unabaki na nini?"

"Nikiicheza, atasikika akimtaja Katibu kwa cheo. Jioni hiyohiyo Katibu atajua yote, na mama huyo ametoka kusaini kwamba hakusema. Atakuwa mwongo mara mbili na mechi hana. Nimeshamfichua mara moja, Profesa. Mara ya pili nitaifanya kwa makusudi."

Nje mvua ilikuwa inaangusha maua ya ua wa idara, yamejaa kwenye mfereji. "Jedwali nililitaka mimi," akasema. "Nilitakiwa kuliona lile." Nikachukua mwavuli wangu.

Jumatano, 8 Mei

Ratiba mpya imebandikwa. Saba amerudi. Mwamuzi wa akiba, lakini amerudi.

Ijumaa, 10 Mei

Nimeisikiliza yote, toka mwanzo, chumba cha kusomea kikiwa hakina mtu. Sauti yangu mwenyewe mwanzoni inachekesha, najikohoza kama mtangazaji. Dakika ya kumi na moja mlango unafungwa. Dakika ya thelathini na tatu mmoja wa pacha analia na Saba anamwambia, "Nyamaza, mama anaongea." Nilirudisha pale mara tatu.

Niliwaza kumuuliza kwanza. Lakini simu imezimwa na mlangoni nimefukuzwa, na barua yake niliyo nayo inasema wazi: najitoa. Mtu akisema najitoa, amesema. Nimejiambia mara hii angalau nitashika ahadi moja niliyompa.

Nimefuta kwenye simu, kwenye kompyuta, na kwenye kile kidude cha kuhifadhia. Nimefuta na maandishi yake. Kwenye sura ya nne zimetoka kurasa kumi na mbili. Zilizobaki zinazungumzia usafiri na viatu.

Jumanne, 14 Mei

Kamati ina watu watano na meza ndefu. Mwenyekiti ni mama mmoja mwenye sauti laini. Katibu hakuwepo, ameleta barua tu. Saba hakuwepo.

"Unayo rekodi ya mahojiano haya?"

"Sina."

"Haikuwahi kuwepo?"

"Ilikuwepo. Nimeifuta, kwa sababu mshiriki amejitoa. Ipo kwenye fomu, kifungu cha nne."

"Umeifuta lini?"

"Ijumaa."

Wakatazamana. Nimewaona wakifanya hesabu. Barua ya tuhuma imefika tarehe tatu, mtuhumiwa amefuta ushahidi tarehe kumi. Hata mimi ningekuwa upande ule wa meza ningejitia hatiani.

Profesa akaomba kusema. Akasema kosa la jedwali ni la msimamizi, akasema ananijua, akasema katika miaka ishirini na sita hajawahi kuona mwanafunzi anayefuata fomu mpaka kujiumiza. Sauti yake ilikwama mara moja akajifanya anatafuta kalamu. Mwenyekiti akamuuliza kama yeye aliwahi kuisikia rekodi. Akasema hapana. Hakutaka kudanganya, na mimi sikumtaka adanganye.

Jumatatu, 20 Mei

Jua limetoka saa mbili hivi, likarudi ndani.

Ijumaa, 24 Mei

Uamuzi. Kubuni data hakukuthibitika. Kufuta rekodi wakati wa uchunguzi ni ukiukaji. Data za mshiriki wa saba ziondolewe, na kwa kuwa hoja ya sura ya nne ilisimama juu yake, tasnifu irudiwe kukusanyiwa data. Muda hauongezwi.

Wameandika kwa adabu kubwa. Nimeisoma mara mbili kutafuta mahali pa kukatia rufaa, hakuna. Siku saba zimebaki, na wanasema nianze upya. Nililia chooni idarani, nikanawa, nikatoka. Nilidhani nitajisikia mwema. Sijisikii mwema. Nimechoka, na naona aibu, na nina miaka thelathini na saba.

Ijumaa, 31 Mei

Leo.

Jumamosi, 8 Juni

Nimemwambia Mama. Nilikuwa nimemficha wiki mbili, kila asubuhi navaa nakwenda kukaa maktaba ya mji nasoma magazeti. Nikamwambia sitapata shahada, nimefutwa, Julai narudi shuleni kupuliza filimbi kwa watoto.

Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho. "Ulifeli?"

"Hapana, Mama. Kuna mtu nilimfanyia kosa, nikataka kulilipa."

"Umelilipa?"

"Nadhani."

"Mwenyewe amesema umelilipa?"

Nikaokota chuya moja sakafuni. Akaendelea kuchambua. Alipomaliza ungo mzima akasema sahani yangu iko kabatini, nile kabla haijapoa kabisa.

Jumamosi, 15 Juni

Mzunguko wa pili umekwisha leo. Nilikwenda uwanjani, nikakaa jukwaa la mabati na watu wengine. Sikuwa na daftari wala fomu. Saba alikuwa mwamuzi wa kati, mechi yake ya kwanza ya kati tangu Aprili. Uwanja ni tope, mpira unakwama kwenye madimbwi. Alikimbia vizuri mno. Alitoa penalti dakika ya sabini, uwanja mzima ukamzomea, akasimama pale mkono umenyooka kwenye lile doa jeupe, hakurudi nyuma hata hatua. Ilikuwa penalti halali. Mimi nilipiga makofi peke yangu, jirani yangu akanitazama kama nina kichaa.

Filimbi ya mwisho ilipolia nikashuka mpaka kwenye uzio karibu na vyumba vya kubadilishia nguo. Alinipita, kisha akarudi. Tope mpaka magotini, filimbi bado iko kwenye kidole.

"Mwalimu."

"Umepuliza vizuri."

"Nasikia wamekufuta."

"Ndiyo."

"Sauti yangu je? Uliwapa waisikilize?"

"Hapana. Niliifuta, kama nilivyokuahidi. Hakuna aliyeisikia, na hakuna atakayeisikia." Nilimwambia kwa upole, na ndani yangu, Mungu anisamehe, nilikuwa nasubiri anishukuru.

Alishika waya wa uzio kwa vidole, akaangalia viatu vyake. Aliponitazama tena niliona macho yake yamejaa, na hayakuwa macho ya shukrani.

"Katibu alinitaka nisaini, nikasaini," akasema. "Nilisaini bila wasiwasi. Nilijua unayo ile rekodi. Nikasema moyoni, huyu mwalimu hakati tamaa, wakimbana ataitoa, na ikitoka itatoka kwa mkono wake, si wangu. Mume wangu akaniuliza, je, asipoitoa? Nikamwambia huyu ana shahada yake ya kupoteza, ataitoa tu."

"Mbona hukuniambia?"

"Simu yangu Katibu aliichukua siku niliyosaini, ikakaa kwenye droo yake mpaka nilipopangwa mechi hii. Mbona wewe hukuniuliza?"

Wachezaji walikuwa wanapita nyuma yake wakicheka, wakigongana mabega.

"Nimependekezwa ligi kuu," akasema. "Jumamosi ijayo nina mtihani wa utimamu. Hakuna mkaguzi mwaka huu. Saa anashika yeye."

Akaachia waya, akaenda kuoga.